Injini ya Galma

Galma alipenda kusikia jina lake likitajwa pamoja na maji. Msafiri akiuliza njia za kule juu ya Korbesa aliambiwa, "Ukifika Injini ya Galma, pinda kulia," na Galma, akiwa kwenye duka lake la Bulla Pesa, mjini Isiolo, na chai mkononi, alijifanya hakusikia vizuri ili msemaji arudie. Ndivyo alivyo mtu mwenye kiu ya sifa: hamwagiwi ya kumtosha.

Jina lenyewe hakuliiba. Kwa Waborana, anayeanzisha kisima ndiye baba wa kisima, na hata vitukuu watakaonywesha hapo watamtaja. Miaka ya sabini, alipokuwa diwani, Galma alizunguka ofisi za serikali mpaka soli zikaisha. Mwishowe mtambo ukaja, ardhi ikatobolewa, injini ya dizeli ikafungwa, na maji yakamwagika kwenye mabirika ya saruji. Wanawake walipiga vigelegele. Ngamia alichinjwa, na diwani akala nundu.

Aliyenuna siku ile ni mtu mmoja tu, naye ni shemeji yake, Gababo, kaka wa mkewe na msemaji wa wazee wa malisho. Gababo alikuwa amesema barazani kwamba pale ni malisho ya mvua. Ng'ombe huja madimbwi yakijaa. Yakikauka, huteremka mtoni Ewaso, na nyasi za juu hupumzika.

"Kiu ndiyo inatutoa hapa," alisema. "Ukiondoa kiu, nani atahama?"

Galma alisimama akamjibu kwamba shemeji amezoea kamba na ndoo mpaka anaogopa bomba. Baraza zima liliangua kicheko. Gababo alikaa chini, akajitanda shuka lake.

Basi watu hawakuhama. Kwa nini wahame? Maji yalikuwepo mwaka mzima. Nyumba ziliongezeka, migunga ikakatwa kwa maboma na makaa, nyasi zikaisha karibu, kisha mbali, mpaka ng'ombe akawa anatembea kutwa kutafuta jani na kutwa ya pili kurudi kwenye maji. Upepo ulichukua udongo uliobaki. Mvua nazo zilianza kuja kwa kubahatisha, na mwaka wa themanini na nne hazikuja kabisa. Redio iliposema ukame umeshika nchi nyingi, Galma, aibu iliyoje, alifurahi. Alizungusha kidude cha sauti ili wateja wote wasikie kwamba kosa ni la mbingu.

Na alijua vizuri si la mbingu peke yake. Kila mwaka mvua zikikatika, ng'ombe wake mwenyewe waliondoka kimyakimya alfajiri, wakichungwa na Akuam, Mturkana wake wa siku nyingi, wakashuka mtoni. Majirani wakiuliza, jibu lilikuwa lile lile: wamepelekwa mnada Isiolo. Baba wa kisima angewezaje kuonekana akikimbia kisima chake? Kwa hiyo aliwaambia watu wabaki, na yeye akahamisha. Katika mwaka huo mbaya, wakati mizoga ilizunguka mabirika yake yaliyojaa maji, ng'ombe wa Galma walikuwa wanakamuliwa.

Gababo alifika dukani mchana mmoja, vumbi mpaka kwenye kope.

"Salaam aleikum, shemeji."

"Aleikum salaam. Karibu, karibu. Umesikia redio? Hii ni dunia yote, shemeji. Hata Ethiopia."

"Nimesikia. Mvua imekataa, kweli. Lakini zamani pia ilikuwa inakataa, na kule juu tulikuwa tunakuta majani." Alisema bila ukali, kama mtu anayeeleza njia. "Sikuja kwa hiyo. Nimekuja kuomba ruhusa. Tunataka kufunga kisima."

Galma alidhani hakusikia sawasawa. "Kufunga maji? Ukame huu?"

"Ng'ombe zilizobaki bado zinaweza kufika mtoni. Mwezi ujao hazitaweza kusimama. Watu hawatoki kwa sababu injini inalia. Tukifunga sisi, itakuwa fujo. Kisima kinafungwa na baba yake. Wakirudi majani yakiota, utafungua, na mvua ikiisha utafunga tena. Hiyo ndiyo sheria tunataka kuweka."

Hakutaja baraza lile wala kicheko kile. Galma alingoja vitajwe, akatafuta tusi usoni mwa shemeji yake, asilione. Uso ulimwaka moto kana kwamba amezabwa kofi mbele ya watu. Alikubali, kwa sababu alishindwa kumtazama.

Njia nzima ndani ya lori alitunga hotuba. Angesema zama zimebadilika; angesema serikali imeshauri. Angeweza bado kuondoka pale na jina lake.

Walipofika, watu walikuwa wamekusanyika kando ya injini, wamekonda. Galma alikohoa, akaanza. "Ndugu zangu, hali ya hewa ya dunia..." Sauti ya injini ilimmeza. Alipiga kelele zaidi, hakuna aliyesikia, na mwishowe ikambidi aizime kwa mkono wake mwenyewe, atoe mkanda unaozungusha pampu, asimame nao mbele yao akiwa amepakaa grisi mpaka kiwiko.

"Nimefunga," alisema. Hotuba yote ilikuwa imemtoka kichwani. "Nendeni mtoni."

Ndipo Asli, mjane aliyebakiwa na mitamba miwili, akasogea. Aliuliza kwa heshima, macho chini.

"Baba, ng'ombe zako zinapitaga njia gani? Ile ya mnada. Ng'ombe zangu hazina nguvu, nataka njia fupi."

Hakuna aliyecheka. Galma alitazama uso mmoja, akatazama mwingine, na kila uso uligeuka pembeni kwa adabu, kama watu waliomkuta mzee amevuliwa nguo. Walijua. Miaka yote hiyo walijua.

"Mlikuwa mnajua?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nyayo hazikuwa zinaenda Isiolo, shemeji," Gababo alisema.

"Mbona hamkuniambia? Mbona hamkufuata?"

Asli ndiye aliyejibu. "Ulitupatia maji. Tungekufuata, ungejua tumekuona. Mtu amekupatia maji, utamwaibisha aje?"

Galma alitamani wamtukane. Alitamani Gababo amrudishie lile neno la kamba na ndoo, walipane, yaishe. Marehemu mume wa Asli alikuwa amepoteza ng'ombe wake hapo hapo, akisubiri, kwa sababu ya kumstahi yeye.

Na njia hakuijua. Hakuwahi kuipita, Akuam ndiye aliyetembea, yeye akikaa mjini.

"Sijui njia," alisema. "Akuam yuko mtoni. Nitamwita awapeleke. Maziwa ya ng'ombe zangu ni ya watoto wenu."

Asli aliinamisha kichwa, akamshukuru kwa moyo wake wote.

"Mungu akuweke, baba wa kisima," alisema, akaenda kuamsha mitamba yake.