Mpira wa Katikati

...si umeshazoea, Kaka kasema hivyo akiwa ameinama kuokota mpira, hata uso hakuuinua, "Mama abaki kwako tu, mdogo wangu, si umeshazoea," kisha akamrushia mfamasia mpira na kurudi zake mbele karibu na wavu, amekunja magoti kama bingwa, mgongo wake kwangu, shati limemganda kwa jasho, na mimi huku nyuma nasubiri mpira uanzishwe, na mfamasia ng'ambo ya wavu sasa anafuta miwani, afute tu, afute taratibu, nimechoka, sijachoka mchezo, huu mchezo wa kupiga mpira kwa vibao vya mkononi, wawili kwa wawili, ndio unaonipumzisha, nimechoka mifupani, nimechoka hata kukasirika... umeshazoea, kama vile kuzoea ni kipaji nilichozaliwa nacho... na chumba kilikuwepo, alisema kwa mdomo wake, mvua zikiisha tunapaka rangi Mama anahamia kwetu, mvua zikaisha, sasa eti wifi anataka chumba cha mazoezi, aweke ile baiskeli isiyokwenda popote, na Mama, ambaye naye haendi popote tangu upande wake wa kushoto ulipopooza, abaki kwangu, kati ya cherehani na kabati, kwa kuwa mimi niko nyumbani, ndivyo wanavyosema, yule si yuko nyumbani tu, utadhani sare za shule zinajishona zenyewe... saa hizi jirani amekaa naye, kaniambia nenda kanyooshe viungo, mama wewe, utakuja kukatika hapo ulipo...

kiwiko kinauma, kinauma hata nikiwa nimesimama hivi bila kupiga kitu, nilidhani ni kibao, kile cha kwanza alichoniachia Kaka alipojinunulia kipya, kizito kama ubao wa kukatia nyama, mpini mnene vidole havikutani, kila nikipiga kinaniitikia hadi begani, nikamwendea Mwalimu, huyu mstaafu anayetufundisha hapa uwanjani, nisaidie kuchagua kingine, akacheka, akasema kila mtu anataka kizito apige kwa nguvu, nguvu za nini, unagombana na nani, akaniletea hiki, chepesi, mpini mwembamba, uso wake unakwaruza kidogo kama ubavu wa kiberiti ili mpira ukigusa ujizungushe, akasema usikikabe, kishike kama... na mimi nikamalizia moyoni, kama ninavyomshika Mama tukienda msalani, ukilegeza anaanguka, ukikaza anaumia, na tangu siku hiyo mpira wangu mfupi ukawa mtamu, naunyanyua tu, mkono umetulia, magoti ndiyo yanayofanya kazi, unavuka wavu kidogo hivi na kufia jikoni kwao, Mwalimu akaniuliza mkono huo umeutoa wapi, nikasema sijui, ningemwambiaje... jikoni, Kaka siku ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini aliposikia hilo eneo la karibu na wavu linaitwa jikoni, haya mdogo wangu, kwako huko, kumbe ukisimama humo huruhusiwi kuupiga mpira kabla haujadunda, na hiyo ndiyo sheria pekee ya jikoni anayoijua kaka yangu mpaka leo... "Tunaendelea au tukalale?" anauliza mke wa mfamasia, "Subiri, sioni kitu, ukungu mtupu," anasema mumewe, anainua miwani kwenye mwanga, anaipulizia pumzi, anafuta tena kwa pindo la fulana...

lakini kiwiko hakikupona, kibao chepesi, mpini mwembamba, na bado usiku nalala nimekikumbatia, mpaka juzi Mwalimu aliposimama pembeni, mikono mfukoni, akatutazama mimi na Kaka mchezo mzima, akaniita, akasema, ule mpira unaopita katikati yenu nani anaupiga, nikasema mimi, kwa nini wewe, nikasema kwa sababu Kaka anasema "Wako!", basi, mpira ukija katikati yeye anapaza sauti "Wako!" na mimi nageuza mkono, naufuata kwa upande wa nyuma, nimejipinda, kiwiko kinalia, na ukitoka nje ananitazama... Mwalimu akatikisa kichwa, akasema kaka yako anasimama kushoto, mkono wake mzuri, wa kulia, ndio uko katikati, ule mpira ni wake, mwanangu, ni wake kabisa, wewe unaukimbilia kwa mkono mbaya, hapo hakuna kibao kitakachokuponya, nikacheka, nikamwambia atabadilika... na siku ile Mama anatoka hospitali, tumesimama wawili kwenye korido, nesi akauliza mgonjwa anakwenda na nani, Kaka akanitazama tu, na mkono wangu ukaenda wenyewe kushika kiti cha magurudumu, yeye ana gari, ana vyumba, ana watoto wakubwa wa kusaidia kunyanyua, ana mgongo huu hapa mpana kama mlango... na nampenda Mama, Mungu anajua, hilo ndilo linalonifunga mdomo, nikisema sitaki nitaonekana nimemchoka Mama, mama mwenyewe wa kunizaa, na Mama atanitazama kwa lile jicho lake zima... lakini sijamchoka Mama... sijamchoka Mama hata siku moja, nimemchoka Kaka, ndiye, nimechoka kumfanyia ya kwake halafu anipongeze kwa kuzoea, eh, hili sijawahi kulisema hata kimoyomoyo na sasa limetoka lenyewe, na nimesimama vilevile... mfamasia kavaa miwani, kaivua, ameona doa...

"Kaka," "Mm," hageuki, "ukimnyanyua Mama usimvute mkono, pitisha mikono yako chini ya kwapa, kunja magoti, mwambie kwanza ndipo uinuke naye, ukimvuta bega linachomoka," na hapo anageuka, kibao kinaning'inia, "Sasa hayo unaniambia mimi ya nini?" "Jumamosi namleta," "Ah, mdogo wangu, tucheze kwanza, tutaongea," anacheka, anawatazama wenzetu ili nao wacheke, hakuna anayecheka, mfamasia ameinamia miwani yake anafuta, anafuta, na sauti yangu inatoka ya chini, ya uchovu tu, haina ugomvi ndani yake, "Ndiyo tunaongea, Kaka, hapendi taa iwashwe usiku, na akilia usimuulize kitu, mshike tu."