Maziwa ya Mgeni

Watu wa bondeni hawaishi kulisema vibaya jiji. Jiji limewaharibia mabinti, jiji halina adabu, jiji linakula ardhi yao shamba kwa shamba. Lakini nenda asubuhi umande haujakauka, utawakuta hao hao wamejipanga kando ya lami na madumu yao, shingo zimewarefuka kutazama kona, wakilisubiri gari la jiji lije kuchukua maziwa. Bila gari lile hakuna pa kuyapeleka, maana huku kila nyumba ina ng'ombe wake. Mtu akikosa gari, anauza ng'ombe. Akiuza ng'ombe, haupiti mwaka anauza na shamba, na watu wa jiji wanakuja na matofali yao na ukuta wenye vipande vya chupa juu.

Kati ya foleni na gari alikaa mwanamke mmoja mzaliwa wa hapo hapo, ambaye wote walimwita Mpimaji. Alikuwa na kibanda cha mabati, tangi kubwa linalong'aa, meza ya saruji na kipimo cha kioo chembamba kilichoelea ndani ya maziwa. Kikisimama juu, maziwa ni mazima. Kikizama, yametiwa maji, na hapo dumu zima linamwagwa mtaroni watu wakitazama. Hakuna aliyemwagiza kumwaga. Angeweza kumrudishia mtu dumu lake akanywe na wanawe. Lakini alikuwa anaupenda ule ukimya unaoshuka foleni nzima anapoinua dumu la mtu, na mimi sitamtetea.

Tena hakuwa akimwaga ovyo. Huko bondeni kulikuwa na kitu walichokiita kikombe cha povu. Maziwa yanapotoka kukamuliwa yanajaa povu, na povu likitulia dumu linaonekana limepungua, basi kila nyumba ilijazia kikombe kimoja cha maji, na wote walikuwa wamekubaliana kimoyomoyo kwamba hicho si wizi. Kipimo kikizama kidogo kwa sababu ya kikombe cha povu, Mpimaji aliangalia pembeni. Mama yake mzazi, mwenye ng'ombe watatu na ulimi wa watu kumi, alitia jagi zima. Mpimaji aliangalia pembeni zaidi.

Jumatatu moja msimamizi wa kiwanda cha maziwa cha jijini alishuka kwenye gari, koti jeupe, buti za mpira zisizo na tope.

"Tangi lenu lina maji," alisema. "Tumepima mara tatu kule. Ijumaa nikija nataka jina la mtu, na mtu huyo namba yake ya kuuzia maziwa inafutwa. Nikikosa jina, gari halisimami tena hapa. Na wewe dada, jembe unalo nyumbani?"

"Ninalo," alisema Mpimaji.

"Basi lisije likashika kutu."

Jioni alimkuta mama yake jikoni akipepeta mchele, akamweleza yote. Mama hakuinua macho.

"Ukimtaja wa ukoo wa kilimani, wanakuja hapa na marungu. Ukimtaja wa kanisani, mchungaji anakusema madhabahuni. Ukinitaja mimi, umejilaani."

"Sasa nimtaje nani, mama?"

"Unamjua," alisema mama, akapuliza pumba.

Alimjua kweli. Alikuwa mjane wa fundi baiskeli, aliyeletwa bondeni kama bi harusi kutoka mbali, na miaka kumi na tisa baadaye watu walikuwa bado wanamwita Mgeni. Mume alikufa, mtoto hakujaliwa, ndugu hana hata wa kusingizia. Alikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu na kipande cha shamba kilichobanwa kati ya kuta mbili za watu wa jiji. Na katika foleni yote ile, ni yeye peke yake asiyetia kikombe cha povu. Si kwa utakatifu. Hakuna aliyewahi kumwambia. Dumu lake lilifika limepungua kila siku, watu wakacheka kwamba ng'ombe wa Mgeni ni bahili kama bibi yake, naye akacheka nao.

Alhamisi Mpimaji alidumbukiza kipimo katika dumu la Mgeni. Kikasimama wima juu, kizuri kuliko vyote vya asubuhi ile.

"Maji," alisema.

"Maji gani, mwanangu?" Mgeni aliuliza. Alidhani anaombwa maji ya kunywa, na akageuka kutafuta.

"Maziwa yako yana maji. Siku zote yamekuwa na maji. Kesho nampa msimamizi jina lako."

Akayamwaga mtaroni, na ukimya ukashuka. Foleni ilielewa haraka sana. Kila mmoja alikuwa na kikombe chake cha povu dumuni, na kila mmoja alihisi mzigo umetoka mabegani mwake. Mwanamke mmoja alisonya, akasema ndiyo maana, kumbe. Wakati ule ule mwenzake alivuta kanga, akasogea hatua mbili ili asisimame karibu na Mgeni.

Kumbe walikuwa hawamjui. Ijumaa, kabla gari halijafika, Mgeni alitokea kwenye lami akimvuta ng'ombe wake kwa kamba, dumu tupu kichwani na kigoda kwapani. Alimfunga kwenye nguzo ya kibanda, akalipindua dumu juu chini watu wote waone halina hata tone, akaketi, akaanza kukamua. Maziwa yaligonga bati la dumu kwa nguvu, na hakuna aliyepata pa kuweka macho. Dumu lilipofika nusu alisimama, akaliweka juu ya meza ya saruji.

"Pima," alisema. "Na wote mtazame."

Mpimaji alikuwa amelala macho wazi akiogopa jambo la namna hii. Angesema nini? Watu hamsini wameona kwa macho yao. Alidumbukiza kipimo, akakiachia.

Kikazama.

Kilizama hasa, kupita hata kinavyozama kwenye dumu la mama yake. Foleni ikavuta pumzi. Mgeni aliinama akatazama kile kioo kana kwamba kimemtukana.

Mpimaji alijua sababu. Ndiyo kitu cha kwanza walichofundishwa kule kiwandani, siku ya kwanza, saa ya kwanza: maziwa yaliyotoka kwenye chuchu sasa hivi yana joto na hewa, kipimo kinazama hata kama hayana tone la maji. Usiyapime. Yaache yatulie yapoe. Watu wa foleni huleta maziwa yamekwisha kupoa njiani, kwa hiyo hakuna hata mmoja aliyewahi kuona jambo hili. Palihitajika maneno mawili tu: yaache yapoe. Yalimfika kooni. Alimtazama mama yake, mama akamtazama, na akayameza.

"Mmeona," alisema.

"Lakini nimekamua mbele yenu!" Mgeni alisema. Aligeuka kwa mtu wa kwanza katika foleni, mzee fundi seremala aliyemchongea mumewe jeneza. "Shemeji, umeniona natia maji?"

Seremala alikuna kidevu. "Kukuona sijakuona. Ila kipimo kimezama, shemeji. Kipimo hakina chuki na mtu."

"Amemnywesha ng'ombe!" mtu alipayuka kutoka nyuma. "Amemjaza maji usiku kucha, ndiyo haya!"

Kicheko kilipasuka. Walicheka kwa nafuu, walicheka mpaka wengine wakashika magoti. Upuuzi ule uliwafaa wote, wakaurushiana foleni nzima, na ulipofika mwisho ulikuwa umekwisha kuwa kweli.

Mgeni hakuwasikiliza. Alikuwa amemshika mama yake Mpimaji mkono. Wale wawili walikuwa wamepalilia pamoja misimu kumi na tisa.

"Dada, wewe unanijua. Waambie. Au niacheni nimsubiri msimamizi, aje apime mwenyewe. Gari si linakuja?"

Mama alijitoa mkono taratibu, akamtazama binti yake.

"Mwaga, mwanangu," alisema. "Yasije yakakuchanganyikia na ya watu."

Ngurumo ya gari ilisikika kwenye kona. Maziwa yalikuwa yanaendelea kupoa pale mezani, na kile kioo, Mpimaji alikiona wazi, kilikuwa kimeanza kupanda. Alikichomoa. Akalishika dumu kwa mikono miwili akalimwaga lote mtaroni, mpaka tone la mwisho, kisha akalisuuza.

Msimamizi alishuka, akaandika jina, akafuta namba. Alimuuliza yule mwanamke aliyesimama na ng'ombe kama ana la kusema. Mgeni aliwatazama wote, kisha akautazama mtaro uliokunywa maziwa yake. Alifungua kamba, akaondoka na ng'ombe wake akipitia ukingoni mwa lami, na madereva wa jiji wakimpigia honi.

Kufikia Jumatano ng'ombe aliuzwa. Jumamosi mtu wa jiji na suruali yake nzuri alionekana akipima shamba la Mgeni kwa hatua.

Na Jumatatu, Mpimaji alifungua dumu la kwanza katika foleni, la seremala. Kipimo kikazama. Dumu la pili, kikazama zaidi. La tatu lilikuwa maji yaliyoonyeshwa maziwa. Alipoinua uso alimkuta mwenye dumu anamtazama machoni bila haya, kwa utulivu wa mtu anayejua kitu. Wa nyuma yake vile vile. Hamsini wote. Walikuwa wamesimama siku ile wakaona anachoweza kufanya, nao walikuwa wamemsaidia kukifanya, na sasa hakuna hata mmoja ambaye Mpimaji angethubutu kumwagia maziwa yake.

Zamu ya mama yake ikafika, madumu mawili, amechangamka.

"Unapima nini, mwanangu? Mimina tu, jua linatoka."

Mpimaji alimimina, akijua kiwandani watapima tena na jina jingine litatakiwa. Kisha alisimama akishika ukingo wa tangi, akaitazama foleni kutoka mwanzo hadi mwisho, pole pole, akitafuta ni nani mwingine asiye na mtu.