Mkwe Asionekane

…na kiti cha Masunga, bwana harusi wangu, kisionekane, hata kiatu chake kisionekane, nimeshamwambia Ndalahwa, lakini yeye anaitikia sawa dada, sawa dada, huku anasogeza stendi kulekule nilikomkataza, mafundi wa video ndivyo walivyo, wanakupa sikio moja na lile jingine limebaki kwenye waya, basi nakaa, mgongo wima, kama nitakavyokaa kesho, kanisa tupu linanuka dawa ya sakafu, maua ya plastiki yametoka kuoshwa na bado yanadondosha maji kwenye zulia, na mimi bibi harusi niko hapa mbele ya madhabahu na rola kichwani, nimevaa dera langu la kufulia, lile la maua lililochujuka, kwa sababu yule dada wa saluni kanichelewesha na gauni bado limening'inia chumbani kwangu, na jana tu nilimpigia wifi yangu Eufrasia kule Ipililo nikamwambia kwenye majaribio nitavaa gauni kamili, mwambie mayu, mama yetu, ajiandae kuliona, sasa atatazama nini, ataona dera, atacheka, aseme mwanangu unaolewa au unakwenda kisimani… Dada inua kidevu, anasema Ndalahwa, nainua, kidogo tu, hapo hapo, anaondoka anakwenda kuhangaika na kamera kubwa, ile ya watu wote, ya baba mdogo Salvatory aliyeko Kanada na binamu wa Dar na marafiki wa chuo, hao wataona kila kitu, bwana harusi, kwaya, keki, watatuma vile vimikono vya makofi, hao si shida yangu, shida yangu ni hii simu ndogo juu ya stendi yake ndogo, hii ni ya mama peke yake, anione mimi nami nimwone, na ndani yake mkwe asiingie.

Kwa sababu mama hamtazami mkwe, ndivyo alivyosema alipokataa kuja, hakupiga kelele, alisema tu mkwe ni mkwe, siwezi kukaa naye uso kwa uso ukumbi mzima unanitazama, mnataka kunivunjia heshima, na mimi nililia, nikamwambia mayu siku hizi mama wakwe wanacheza muziki na wakwe zao, wanalishana keki, akasema hao ni hao, na mwenyekiti wa kamati ya harusi, mzee Luhende, akaniambia mwache mama yako, wa namna yake wamebaki wachache, ndipo tukaanza hii habari ya laivu, kamati nzima ikabishana je mkwe akiwa ndani ya simu ni mkwe au ni picha, mmoja akasema ni picha, picha haiambukizi, mwingine akasema kama anacheka na kutembea siyo picha huyo, ni yeye, chai ikapoa watu wanabishana, mpaka mzee Luhende akatoa hukumu kwamba mama apewe simu yake na kiti cha Masunga kikae upande ambao simu haioni, watu wakapiga makofi, na Masunga mwenyewe maskini alikubali tu, akasema mimi hata mkiniweka nje dirishani nitaitikia ndiyo kutoka huko, mwanaume mpole yule, mama hamjui upole wake, hakumwangalia hata ile siku alipokuja Ipililo na wazee wake kujitambulisha, alikaa pembeni kwenye mkeka, khanga imemfunika mpaka kwenye nyusi, Masunga akapiga goti mbali akasalimia mwadila mayu, mama akaitika akiwa ameelekea ukutani, ukutani kabisa, na zile zawadi zilipopelekwa mbele yake hakunyoosha mkono mpaka Eufrasia akaziweka mapajani mwake, wazee wa kina Masunga wakatazamana wakatikisa vichwa kwa furaha, wakasema mama huyu kalelewa, ukwe anaujua, na mimi nilijisikia vizuri, nilijivuna jamani, njia nzima ya kurudi Bariadi nilijivuna…

Dada wanapiga, anasema Ndalahwa, pokea, usiishike, gusa tu, naigusa, kioo kinazunguka, kinazunguka, mtandao wa Ipililo unajulikana, ndani ya nyumba haufiki, ndiyo maana nilimwambia Eufrasia ampeleke mama pale kwenye ua wa zizi, pale jirani yetu anaposimama kila siku akiongea na wateja wake wa mpunga, wamwekee kiti kabisa, kesho pia akae hapo hapo, na kile kitenge nilichomtumia avae, cha zambarau, rangi ya kamati, alipokipokea nilimuuliza umekipenda, nikasikia kwenye simu anakisugua kwa vidole, shwa shwa shwa, akasema kilaini hiki, nikasema na rangi je, akasema na rangi pia… haya huyu hapa, mama, mama yangu, picha imetokea, imekwama, imeachia, kakaa kwenye kiti cha mbao, kavaa zambarau, nyuma yake miti ya zizi na mkia wa ng'ombe unapita, mwadila mayu, mwadila ng'wana wane, mwanangu, sauti yake iko safi kama amekaa kiti cha jirani, uko salama, niko salama, mnaendeleaje na shughuli, tunaendelea vizuri, na jua, jamani wamemweka hata hawakufikiri, limeelekea magharibi linampiga usoni moja kwa moja, Eufrasia, nasema, Eufrasia mgeuzeni mama kiti, jua linamuumiza macho, na Eufrasia simwoni, yuko nyuma ya simu, ndiye anayeishika, simu imeelekea kwa mama, yeye hanioni, anasema ee wifi, subiri, lakini mama anasema jua gani, mbona haliniumizi, na kweli halimuumizi, natazama, hafumbi, hakunji uso, hainui hata mkono kukinga, jua lote la alasiri limeingia ndani ya macho yake na macho yametulia, meupeupe kidogo, yameelekea pembeni ya simu, yananipita, yanatazama kitu kilicho begani kwangu, nageuka natazama begani kwangu, hakuna kitu, ukuta tu… mama angalia huku, anasema Eufrasia taratibu, na mkono wake unaingia kwenye picha, unamshika mama kidevu, unamgeuza, polepole, kama anayeweka sawa chungu mafigani, na mama anakubali kugeuzwa.

Anakubali. Mama yangu ambaye hata mtoto wa miaka miwili hajawahi kumshika usoni. Halafu anatabasamu, anasema ee, sasa nakuona, umependeza mwanangu, gauni limekukaa, kweli kazi ya mkono wako naijua, limekuwa jeupe kama pamba ya kwanza.

Gauni. Nimevaa dera. Natazama chini kama vile labda mimi ndiye niliyekosea, labda nimevaa gauni nikasahau, hapana, ni dera, na doa la mchuzi liko hapa kifuani, rola kichwani, mayu umesema nini, nasema, anasema nimesema gauni limekukaa, na hizo nywele pia, wamezisuka vizuri, Ndalahwa anacheka kule nyuma anafikiri mama anatania, anasema bi mkubwa ana utani, na mimi sicheki, kwa sababu yote yananijia kwa pamoja, hayapangi foleni, ukuta, siku ile ya wakwe hakuelekea ukutani kwa ajili ya ukwe, hakujua ukuta uko wapi na mkwe yuko wapi, zawadi hakuzipokea kwa kuwa hakuziona, na sisi tukashangilia, watu wazima tumekaa tumeshiba tukashangilia, na pamba, Mungu wangu ile pamba, mama ambaye tangu utoto wangu ndiye aliyenikalisha kwenye turubai akanifundisha hii safi, hii fifi ya daraja la chini, hii imechomwa na mdudu, hii ina udongo, weka huku, weka kule, macho yake yalikuwa makali mpaka karani wa chama cha ushirika alikuwa anapitisha mzigo wetu bila kuufungua, na msimu uliopita kaka akanipigia simu anafoka, eti mama anachanganya fifi na safi, mzigo umerudishwa, tumeaibika, mwambie apumzike amezeeka, na nilimwambia mama, mayu acha pamba, waachie wengine, akasema sawa, hivyo tu, sawa, na picha za gauni nilizomtumia zote, kila wiki, kola, mikono, mshono wa kiunoni, mimi fundi cherehani nimelishona mwenyewe usiku na mchana ili yeye aone, yule aliyenifundisha kutofautisha weupe na weupe, na kila picha alisema nielezee, nielezee ulivyofanya hapo, na mimi nikafikiri anapenda tu kusikia sauti yangu, nikamweleza, maua ya mgongoni nimeyadarizi kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, hayaonekani mpaka mtu ageuke kwenye mwanga, akasema ahaa, akasema ahaa mwanangu…

Kwa nini hukuniambia, kwa nini, naona hasira inanipanda, Eufrasia anajua, ule mkono ulioshika kidevu si mkono wa mara ya kwanza, mnajua wote huko mkanificha kama mgeni, na jibu ninalo, silipendi lakini ninalo, baba alipofariki niliahirisha harusi, mama akaniambia mbele ya kaburi safari nyingine usiahirishe, hata mimi nikilala chini usiahirishe, na angenieleza ningeahirisha, ningefunga duka nikapanda gari nikaenda Ipililo nikamchukua nikamzungusha hospitali zote za Mwanza, na Masunga angesubiri, na watu wangesema huyu binti ana nuksi, mama alijua, kwa hiyo akaukamata ukwe akajifunika nao kama khanga, nani atamhoji mtu anayeshika heshima, hakuna, tulimpigia makofi, tukaitisha vikao, tukatafuta stendi mbili na simu mbili na bando la siku nzima ili mkwe asionekane na mtu asiyeona… na mimi nimekaa hapa nagombana na Ndalahwa kuhusu kiatu cha Masunga, Masunga angeweza kukaa popote, angeweza kuipakata hii simu, mama asingejua, au angejua, kwa kukohoa kwake angejua.

Nimtume mtu na gari sasa hivi, amlete, kesho awe hapa, mbele kabisa, nimshike mkono… halafu ashuke kwenye gari anashikwa mkono na watu, anapapasa ngazi za kanisa, kina Masunga wote wamejipanga wanatazama, na wale waliomsifu wanaanza kunong'onezana, kumbe, kumbe haoni, kumbe siku ile, ndicho alichokikimbia, mama huyu hajawahi kupapasa mbele ya mtu, na kama nitasema sasa, hapa, mayu najua, Ndalahwa anasikia, mlinzi wa kanisa pale mlangoni anasikia, na yeye kwenye kiti chake kando ya zizi atafanya nini na uso wake, ataupeleka wapi.

Mbona kimya, anasema mama, mtandao umekata? Hapana mayu, nipo. Basi geuka nione yale maua ya mgongoni, yale uliyosema hayaonekani mpaka kwenye mwanga. Anayakumbuka, kila neno nililomwambia amelitunza, amenishonea gauni zima kichwani kwake kwa maneno yangu, limekamilika, limenikaa, na pengine ni zuri kuliko lile lililoning'inia chumbani, na macho yake yanarudi pembeni taratibu na mkono wa Eufrasia unaingia tena na mimi naona aibu kuuona, nasema Ndalahwa, Ndalahwa anasema naam dada, nasema ile maiki ndogo, kesho nibandike mimi, siyo mchungaji, mimi, iwe inakwenda kwenye simu hii, anasema lakini dada watu wa Kanada hawatasikia mahubiri, nasema mahubiri wakayasikie makanisani kwao, nibandike mimi, nitakuwa naongea polepole, nitamweleza mama nani ameingia, kwaya imevaa nini, mchungaji ameshika nini, na Masunga nitamwomba asimame karibu yangu kabisa, aseme ndiyo yake kwa sauti kubwa, mkwe kusikika hakukatazwi, hakuna mzee aliyewahi kukataza hilo… Geuka basi, anasema mama, nasema nageuka mayu, nasimama na dera langu, nageuka polepole mbele ya madhabahu, nasema maua yanaanzia hapa shingoni, yanashuka, moja kubwa katikati, mawili madogo, unayaona mayu, nayaona, anasema, yametokea vizuri, wabeja, asante mwanangu, na ninapomgeukia tena machozi yananitiririka waziwazi, sifuti, sijifichi, nalia mbele ya uso wake akinitazama, ila sauti nimeishika kwa nguvu zangu zote isitetemeke, maana hiyo ndiyo inayofika, na jingine lipo pale chini ya yale mawili, lile dogo la pembeni, nasema, hilo nimelitia uzi mara mbili, na Ndalahwa anasema dada usisogee, unatoka kwenye picha.