Chupa Mbili za Maji

Maagizo ya mtaalamu wa mionzi hayakuwa na fumbo. Kabla ya kutibiwa saratani ya shingo ya kizazi, mama anywe chupa nzima ya maji na asiende chooni, maana kibofu kikijaa husukuma utumbo kando usiungue. Anywe mama. Lakini mumewe, fundi cherehani mbishi kupindukia, naye akawa anakuja na chupa yake.

"Wewe unakunywa ya nini, baba watoto?" mkewe alimuuliza siku ya kwanza.

"Nikutazame tu ukiteseka peke yako?"

Leo umeme ulikatika zamu yao ikikaribia. Mashine ilikuwa moja hospitali nzima, na jenereta haikuiweza. Wanawake kwenye benchi walibana miguu, wakatazamana, wakaangua kicheko, na kicheko ukiwa umebanwa ni balaa. Fundi hakucheka. Alikodolea macho dari, jasho likimtiririka.

"Nenda chooni, mume wangu," mkewe alimnong'oneza. "Wewe hupigwi mionzi."

"Tumeanza pamoja, tutamaliza pamoja."

"Haya. Ukiniaibisha mbele za watu, suruali utafua mwenyewe!"

Alisema hivyo, lakini mkono wake haukuuachia mkono wa fundi hata kidogo.

Hatimaye taa ziliwaka. Mtaalamu, kijana mpole, alimwita mama ndani akamuuliza kama bado anaweza kuvumilia.

"Mimi naweza," alijibu, akijilaza mbiombio. "Ila fanya upesi, mwanangu. Mgonjwa wangu yuko nje."