Kasoro ya Mpigo wa Nne

Badru Mutasim aliudhi tangu mlangoni. Watu wazima hupiga hodi wakangoja. Yeye alipiga hodi mguu mmoja umeshaingia ukumbini.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba," alijibu Bi Zuwena, wala hakunyanyuka mkekani. Miaka sabini na minne ilimpa ruhusa ya kutomnyanyukia mtu, na huyu asingemnyanyukia hata kama yeye mwenyewe angekuwa msichana wa miaka ishirini.

Alimfahamu. Nani Ngamiani asiyemfahamu? Karani mstaafu wa mpakani Horohoro, aliyekimaliza kiinua mgongo chake kwenye santuri kuukuu za Krismasi. Mwislamu, mwana wa Waislamu, na nyumbani kwake hupati pa kukaa kwa masanduku ya nyimbo za Noeli. Hilo Bi Zuwena angelisamehe. Kila mtu na wazimu wake. Lisilosameheka ni kwamba Badru alizisikiliza ili awatambue waimbaji na wapigaji ambao majina yao hayakuandikwa, kisha akawapelekea majina Wazungu fulani waliokuwa wakizitoa upya, na Wazungu wakamwamini. Mtu asiyeweza kumtambua mkwewe sokoni bila miwani!

Aliketi, akatoa begini mashine ndogo ya kuchezea santuri, akachukua kisheti kwenye sinia la shaba lililokuwa baina yao. Akakitafuna nusu, nusu akairudisha. Bi Zuwena aliitazama ile nusu.

"Nimeambiwa marehemu Ruthi alikuachia santuri ya kwaya yao, ile ya mwaka sitini na saba," alisema Badru. "Ninazo nakala nne, Bi mkubwa, na zote mbovu. Zile kengele, kila mpigo wa nne unakufa. Tatu zinalia ngaa, ya nne inalia ko. Kiwanda kiliharibu. Miaka kumi na mmoja natafuta nakala iliyo nzima."

Nakala nne, kila moja imetoka nyumba yake, zote zimeharibika pale pale, na hakujiuliza. Na huyu ndiye aliyekuwa akikagua hati za watu mpakani. Bi Zuwena alicheka kimoyomoyo, akaona raha kweli.

"Na hizo kengele kapiga nani?" aliuliza kwa upole wa mtego.

"Padri mmoja wa Kizungu. Nimeshamtambua kwa utulivu wa mkono. Mtu wa kwetu angekwenda mbio." Alijifuta vidole kwenye mkeka. "Kesho kutwa jalada linachapwa. Jina lake lipo."

Padri wa Kizungu! Bi Zuwena alikaribia kuguna. Alimwona padri wa kwaya ile kwa macho yake, siku ya kurekodi. Alikuwa amesinzia kitini, mdomo wazi.

Kengele za kwaya zilikuwa zimekwama bandarini, na mwenye mashine ya kurekodi, aliyetoka Nairobi, alikuwa na siku moja tu. Ruthi, shoga yao wa ukuta mmoja, alikuja analia. Ndipo Mboni, dada yake Zuwena, aliposema, "Si upo upatu wa bibi?" Maana sinia lile lile la visheti, likifudikizwa juu ya chano cha mti na kupigwa kwa vijiti vya chelewa, ndilo walilochezewa wari wote wa mtaa unyagoni. Baba yao, Mwalimu Sabiri, alikuwa anasomesha chuo cha Kurani barazani, kwa hiyo wakapitia ukuta wa nyuma. Mboni akaliangusha kwenye jiwe la kisima, ukingo ukapinda. Alipiga hivyo hivyo, Zuwena kashika chano, na kila vijiti vilipofika palipopinda, sauti ilikuwa ko. Walipoulizwa majina, wakakataa. Mwalimu Sabiri angewaua.

Mwalimu Sabiri amekufa miaka arobaini sasa. Hilo ndilo Bi Zuwena hakupenda kulifikiria.

Mwaka jana, mwezi wa Rajabu, Mboni alilala kitandani asiinuke tena, akamwomba kitu kimoja tu. "Waambie wajukuu zangu habari ya ile santuri. Uwachezee. Wanadhani bibi yao kazi yake ilikuwa kupika tu." Naye Zuwena akamjibu, "Hebu tulia. Unataka watu waseme binti wa Mwalimu kapiga upatu kanisani?" Mboni akageukia ukutani. Hakuomba tena, na kabla ya mfungo wakamzika.

Sasa mjinga huyu alikuwa mbele yake na chenga za visheti kwenye ndevu. Ingekuwa tamu kumwacha aende zake. Alichape jina la padri, kisha Tanga nzima imcheke mpaka aone haya kwenda msikitini. Bi Zuwena aliionja raha hiyo, akaiona imeoza. Jalada likishachapwa, Mboni angepotea nalo, na aliyempoteza asingekuwa Badru.

Akavimwaga visheti vyote mkekani.

"Bi mkubwa!" alishtuka Badru.

"Nyamaza."

Alileta chano na vijiti, akalifudikiza sinia, akapiga. Ngaa, ngaa, ngaa, ko. Ngaa, ngaa, ngaa, ko. Pole pole, kwa utulivu wa yule padri.

Badru alifungua mashine yake. Aliicheza santuri yake, akaisimamisha, akamwashiria apige tena, akaicheza tena. Kisha akainama, akapitisha kidole kwenye ukingo uliopinda. Miaka kumi na mmoja ilimpita usoni. Bi Zuwena alingoja raha yake ije. Haikuja.

"Ni wewe?" aliuliza Badru hatimaye.

"Si mimi. Mboni binti Sabiri, dada yangu. Mimi nilishika chano."

Badru akatoa daftari na kalamu ya risasi. "Lakini miaka yote hii, Bi Zuwena. Mwenyewe hakutaka ijulikane?"

Angeweza kumtaja baba. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, na Badru angeumeza kama alivyomeza kiwanda na padri. Lakini dharau yote aliyokuwa akimwagia mgeni tangu mlangoni ilikuwa imemrudia mwenyewe, na alijua inamstahili.

"Alitaka. Mimi ndiye niliyemkataza, naye yuko kitandani anakufa. Andika kwa wino."

Badru alitafuta kalamu ya wino, akaandika, akamsomea. Kisha akaanza mstari wa pili. "Zuwena binti Sabiri, mshika—"

"Hilo futa," alisema Bi Zuwena. "La kwake nimelikalia miaka hamsini na minane. La kwangu nalo likae."

Akaanza kuokota visheti mkekani. Ile nusu ya Badru aliiokota pia, akaila.