Masale ya Kaburi la Basili

Kikao cha pili kilivunjika kwa ubishi wa jina la barabara. Cha tatu kikaanza kwa ubishi wa nani afungue kwa sala, Mkatoliki au Mlutheri. Priska, kwenye benchi la nyuma la ofisi ya kijiji huko Old Moshi, alikuwa bado anasubiri zamu yake ya kusema. Barabara hiyo, iwe na jina au isiwe nalo, ilikuwa imechorwa juu ya kaburi la baba yake, Basili.

Kaburini hapakuwa na saruji, ni masale tu, ile mimea ya majani marefu membamba, yaliyopandwa kulizunguka. Kaka zake wa Dar es Salaam waliahidi kulijengea wakija Desemba. Desemba zikaja, mbuzi wakachinjwa, wenyewe wakarudi zao. Ndipo Eliakim, afisa mipango miji, alipopita na vipimo vyake. Si mgeni, ni mtoto wa Masama, na kwao pia kihamba, yaani shamba la ukoo, hutenganishwa na kingine kwa masale. Alipoyaona katikati ya migomba hakuuliza mtu. Alidhani ni mpaka, akapitisha barabara hapo ili majirani wamegwe sawasawa. Kumbe barabara yote ililala kwenye kihamba cha kina Priska.

Katika vikao vyote viwili Priska alinyoosha mkono, akaambiwa asubiri mengineyo. Mengineyo hayakufikiwa. Mama yake, Mektrida, aliapa hatakanyaga tena pale. Alisema amechoka kuwasikiliza watu wazima wakigombea maiki isiyo na betri.

Jirani yao, mzee Sifael, alikaa mbele, fimbo katikati ya magoti. Aliujua mpaka wa kweli. Lakini kuusema ni kuitoa migomba yake mwenyewe, kwa hiyo alitazama dari. Wengine waliojua nao walitazama dari, kana kwamba mchoro uko kule juu.

Sala ilipopata mtu, wakarudi kwenye jina. Priska akatoka nje. Aliporudi alikuwa ameshika jani la sale alilochuma kwenye uzio wa ofisi, akapita katikati ya mabenchi, akamnyooshea mzee Sifael kwa mikono miwili.

"Shikamoo, baba."

Kwa Wachagga, sale likiletwa kuomba msamaha halikataliwi, hata kati ya mahasimu.

"Sasa binti, si wewe uliyekosewa?" mmoja akauliza kutoka dirishani. "Unaomba msamaha wa nini?"

"Naomba tu baba yangu asikanyagwe na magari."

Sifael aliilaza fimbo chini, akalipokea lile jani.

"Umeniweza, mwanangu," akasema. Akamgeukia afisa. "Eliakim, lile ni kaburi. Nilishika jembe mimi mwenyewe tukilichimba. Mpaka uko kwenye ule mti wa mringaringa, huku kwangu."

Eliakim akakuna kichwa. Alieleza kwamba marekebisho yanahitaji pendekezo la kikao, na muda umekwisha, basi yaletwe kikao kijacho. Mwenyekiti, mzee Hosea, akashukuru wote na kuuliza nani atafunga kwa sala. Ubishi ukaanza upya.

Priska, ambaye hajawahi kumkatiza mtu mzima kauli, aliisogelea meza, akaukunja mchoro wa Eliakim uliotandazwa juu yake na kuutia kwapani.

"Tutafungia kaburini," akasema, akatoka.

Alikuwa ameanza kupanda kilima aliposikia fimbo ya Sifael ikigonga mawe nyuma yake. Kisha zikaja hatua za haraka za Eliakim, ambaye asingeweza kurudi mjini bila mchoro wake.