Kiti cha Mwalimu

Kila siku ya kwenda kliniki, kabla hajawasha gari, fundi cherehani alijijengea kwanza mahali pa kukaa. Aliweka mto mmoja kwenye egemeo la kiti, akaubana kwa kiwiko, akaongeza wa pili juu yake, kisha akapanda na kujisogeza mbele hadi akabaki ukingoni. Akanyoosha mguu kama mtu anayeonja maji ya kuoga. Ncha ya kiatu ikagusa breki. Kuigusa aliweza, kuikanyaga mpaka mwisho ilikuwa habari nyingine, na habari hiyo alikuwa amejizoeza kutoifikiria.

Kushoto kwake mumewe alikuwa ameshafungwa mkanda, akilitazama geti lililofungwa kana kwamba lilikuwa barabara ndefu. Mji mzima ulimwita Mwalimu, hata mkewe. Sehemu kubwa ya watu walioendesha magari katika mji ule walikuwa wamepita mikononi mwake, na hakuna hata mmoja aliyeruhusiwa kugusa ufunguo siku ya kwanza. Siku ya kwanza mwanafunzi alikaa tu. Alikalishwa, akasahihishwa, akateremshwa, akapandishwa tena. "Gari linaanza kuendeshwa na matako," Mwalimu alizoea kusema, na wasichana wakaziba midomo wasicheke. "Mikono na miguu inafuata baadaye." Wengine walinuna, wengine walitaka kuhamia chuo kingine, lakini aliyetoka kwa Mwalimu alijulikana kwa mbali kwa jinsi alivyokaa.

Na mtu huyohuyo sasa alikaa kando ya mkewe, akamwona anavyoning'inia kwenye usukani, akanyamaza kimya.

Kiharusi kilikuwa kimemshika upande wa kulia. Mkono ulilala mapajani kama kitu cha kuazima, mguu uliburutwa, na maneno yalitoka moja moja kwenye kona ya mdomo. Daktari alipoulizwa kama ataendesha tena, alisema tusubiri tuone. Neno hilo Mwalimu alilishika kwa mkono wake mmoja wenye nguvu na hakuliachia. Alifanya mazoezi hadi jasho likamtiririka, akakanyaga breki za hewani akiwa kitandani, akamuuliza kila muuguzi kama kifundo cha mguu hakijaanza kulegea.

Mkewe hakuwa amejifunza udereva zamani. Mwalimu mwenyewe alikataa kumfundisha, akisema mume akimfundisha mke gari litarudi nyumbani likiwa tupu, na kila mmoja atakuwa amepita njia yake. Walicheka na yakaisha. Baada ya ugonjwa ndipo alipokwenda chuoni kufundishwa na dada mmoja aliyekuwa mwanafunzi wa mumewe. Dada yule alimkalisha vizuri: mgongo wote kwenye kiti, goti limebaki na mkunjo hata breki ikikanyagwa hadi mwisho, kiganja kikilazwa juu ya usukani bega halibanduki. Kwa mara ya kwanza katika umri wake wa utu uzima, mwanamke yule mfupi alijiona ametoshewa na kitu ambacho hakukishona mwenyewe. Alifaulu mtihani bila wasiwasi.

Alirudi nyumbani na leseni, akaingia kwenye gari lao, akainama kutafuta wenzo wa kiti. Kabla hajauvuta, mkono wa kushoto wa mumewe ulimshika.

"Kiache."

"Mwalimu, sifiki. Tazama mguu wangu."

"Weka mto."

"Nitakisogeza, na siku ukipona nitakirudisha. Nitaweka alama ya chaki."

Alitikisa kichwa polepole. "Kikihama hakirudi palepale."

Hakubishana naye. Alijua historia ya kiti kile. Maisha yake yote ya kazi Mwalimu alikaa upande wa kushoto, kiti cha anayeogopa na kuomba dua, huku watoto wa watu wakimpeleka mitaroni. Mgongo wake uliharibika huko. Gari hili lilipokuja, alihangaika na kiti cha kulia kwa majuma, jino moja mbele, jino moja nyuma, hadi siku aliposhuka akitabasamu na kutangaza kwamba hasikii maumivu. Kijana mmoja wa kuosha magari aliwahi kukisukuma ili afagie chini, na Mwalimu alimsema hadi majirani wakatoka nje. Kukisogeza kiti kile sasa kulikuwa ni kumwambia kitu ambacho hata daktari hakuthubutu kumwambia. Fundi akaenda kushona mito miwili kwa vipande vya vitambaa vilivyobaki mezani.

Tangu hapo aliendesha roho mkononi. Mabega yalimpanda masikioni, shingo ikakakamaa, mkanda ukamkata kooni badala ya kupita begani. Usiku aliota miguu yake ikipungua. Mchana, akiwa mbele ya cherehani, aliwapima watu mabega na viuno kwa ukali ambao hawakuuzoea. Mteja mmoja alisema koti linambana kidogo kwapani lakini atavumilia, naye akamvua palepale. "Hutoki hapa na nguo ya mtu mwingine," akamwambia, kisha akainamia mkasi ili mteja asiuone uso wake. Alimpenda mumewe. Alimwonea huruma. Na siku nyingine, akiwa amening'inia pale ukingoni, alimchukia, halafu akajichukia mwenyewe kwa kumchukia mgonjwa.

Asubuhi moja walikwenda kliniki salama. Ilikuwa ni wakati wa kurudi, kwenye mteremko unaoshuka hadi kwenye maduka, ambapo mwanamke mmoja aliyebeba trei za mayai kichwani aliingia kwenye kivuko. Alikuwa na haki ya kuvuka. Hata hakuharakisha, kwa kuwa aliwaona kwa mbali na aliamini watasimama.

Fundi alikanyaga breki. Akaikandamiza kwa nguvu zake zote, na nguvu hizo zote zikamrudi mgongoni. Mito ikabonyea, ule wa juu ukateleza, naye akazama nyuma kama mtu aliyevutwa. Breki ikamponyoka kiatuni. Gari likaendelea kushuka. Kwa pembe ya jicho aliuona mguu wa kushoto wa mumewe ukipiga sakafu, pu, pu tena, ukitafuta ile breki ya pili ambayo magari ya chuo huwa nayo na gari hili halikuwa nayo. Akaachia mkanda umkate, akashika usukani kwa mikono miwili, akajivuta kwenda chini hadi kidevu kikagonga honi, akasimama juu ya breki kwa unyayo mzima.

Gari lilisimama likigusa gauni la yule mwanamke.

Hakuna hata yai moja lililoanguka. Mwanamke aliteremsha trei taratibu, akaziweka juu ya boneti, kisha akazunguka hadi dirishani.

"Mama, umelala au umelewa?"

"Nisamehe, dada yangu. Nisamehe sana."

"Nina watoto nyumbani, mama. Unanisikia? Nina watoto!" Kisha akainama, akaona aliyekaa upande wa pili, na sauti ikabadilika. "Shikamoo, Mwalimu! Kumbe ni wewe? Pole, nilisikia unaumwa." Mwalimu akanyanyua kidole. Mwanamke akamtazama tena dereva, mito yake, miguu yake, kisha akamrudia Mwalimu kwa mshangao wa kweli. "Lakini Mwalimu, mimi ulinikalisha siku nzima nisiguse ufunguo. Mbona huyu umemwachia ananing'inia kama nguo kambani?"

Kisha akachukua mayai yake, akavuka.

Fundi alilisogeza gari hadi kando ya ukuta mrefu, akalizima. Walikaa wote wawili wakitazama mbele, na magari yakawapita.

"Ningemuua," alisema.

"Najua."

"Hujui, Mwalimu. Mguu ulinitoka kwenye breki. Ningemuua mtu mwenye watoto, na ningemuua kwa sababu ya kiti."

"Najua," Mwalimu alirudia. Mdomo ulihangaika kabla maneno hayajafuata. "Nilijua. Siku ya kwanza."

Mkewe akamgeukia. Kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uingie nyumbani mwao hakuipunguza sauti yake kwa ajili ya mgonjwa.

"Ulijua, ukaniacha? Miezi yote hii natoka na maiti yangu mkononi, na wewe umekaa hapo unaona? Watoto wa watu uliwafundisha wakae wasife. Mimi je?"

Chozi lilimtoka Mwalimu jicho la upande mzima, lile la upande wa pili likabaki kavu, likitazama tu. Hasira ya mkewe haikupoa kwa kuliona chozi hilo. Aliing'oa mito, akaitupa kiti cha nyuma, akainama, akaushika wenzo na kuuvuta. Kiti hakikutikisika. Akavuta tena, akauma meno, akapiga sakafu teke. Muda wote ule alikuwa amengoja ruhusa ya jambo hili, na sasa chuma chenyewe kilimkatalia. Akaanza kulia kwa sauti, mkono ukiwa bado chini ya kiti.

"Nyanyua," Mwalimu alisema.

"Nimenyanyua!"

"Nyanyua usiachie. Halafu jitikise."

Akanyanyua, akajitikisa. Kitu kikalia ndani ya reli, na kiti kikaruka mbele kwa kishindo hadi akashika usukani asigonge. Kikasimama. Mgongo wake wote ulikuwa umeegemea. Akaweka kisigino sakafuni, akakanyaga breki, ikaenda, ikaenda, ikaisha.

"Goti?" Mwalimu aliuliza. Alikuwa bado anatazama mbele.

"Limebaki na mkunjo."

"Klachi."

"Inaisha."

"Kiganja juu ya usukani. Bega?"

"Halijabanduka."

Akatikisa kichwa kukubali, kama alivyokubali kwa mamia ya watu, na hapo ndipo mkewe alipomtazama vizuri. Magoti yake yalikuwa yamebanwa kwenye droo ya mbele. Pia ya goti la kulia ilikuwa imechubuka tangu breki ile, suruali imeingia doa dogo la damu, na yeye hakuwa amelalamika. Mtu mrefu kama yule alikuwa amekunjwa kama kisu. Siku zote alidhani ni ugonjwa uliomkunja. Lakini kiti kile cha kushoto kilikuwa chake yeye, fundi. Yeye ndiye aliyekivuta mbele kabisa miaka mingi iliyopita, akapanga majora ya vitambaa nyuma yake, na hakijawahi kurudishwa. Kila siku ya kliniki alimwinulia mguu, akamsaidia kuuingiza, akafunga mlango.

"Kwa nini hukuniambia unabanwa?"

"Hicho kiti chako," Mwalimu alisema. "Mimi nilikuwa napita tu."

Neno hilo lilimchoma. Hasira yote ikamwishia, akatamani ingebaki, kwa sababu kilichokuja mahali pake kilikuwa kizito zaidi. Alielewa kwamba walikuwa wamekaa hivyo kwa miezi, kila mmoja amejikunja kwenye kipimo cha mwenzake, ili pasiwe na mtu wa kusema. Alitaka kumwambia kwamba bado mapema, kwamba mguu utarudi, kwamba daktari alisema tusubiri.

Mkono wa kushoto wa Mwalimu ulishuka, ukapapasa chini ya kiti chake, ukaupata wenzo. Akauvuta. Mguu mmoja haukutosha kukisukuma kiti. Akajaribu tena, mshipa wa shingo ukamsimama, kisha akauachia.

"Nirudishe nyuma, Fundi."

"Una hakika?"

"Nirudishe."

Alishuka, akazunguka gari. Alifungua mlango wa nyuma, akayahamisha majora moja baada ya jingine hadi upande wa pili. Kisha akapiga magoti kando ya barabara, watu wakipita na kugeuza shingo, akaunyanyua wenzo kwa mkono mmoja na kulisukuma kwa bega lile umbo zito alilolijua tangu ujana wake. Kiti kilirudi taratibu, jino kwa jino. Akauinua mguu wa kulia, akaunyoosha mbele. Akaunyoosha na wa kushoto. Mwalimu alishusha pumzi ndefu, kama mtu anayevuliwa kiatu kilichombana tangu asubuhi, na uso wake ukalegea pande zote mbili.

"Hapo," alisema. "Hapohapo."

Akabaki amepiga magoti, ameshika goti lile lililochubuka. Alikuwa amemkalisha vizuri. Alijua amemkalisha mahali ambapo hatamtoa tena, na mikono yake haikutaka kubanduka. Ni yeye Mwalimu aliyempigapiga bega, mara mbili, awahi kuondoka barabarani.

Akarudi upande wake, akaketi, akafunga mkanda, ukampita begani. Akawasha gari. Alipotaka kuingiza gia, Mwalimu alikohoa. Alikuwa ameugeuzia uso wake dirishani, na alisema bila kugeuka.

"Kioo."

"Kimefanya nini?"

"Bado kimewekwa kwa macho yangu."

Akatazama juu. Ilikuwa kweli, hata kioo hakuwahi kuthubutu kukigusa, na ndani yake aliona paa la gari tu. Akainua mkono, akakigeuza.